Mjadala: Askari aliyerudi vitani na kiwewe, filamu imwonyeshe sura?

Mtoa mada: Wakuu, nimetazama Let There Be Light, filamu ya hali halisi ambayo John Huston aliitengenezea jeshi la Marekani, ikakamilika 1946. Ni askari wa Vita Kuu ya Pili waliolazwa hospitali ya jeshi huko New York. Miguu mizima, lakini mmoja hatembei. Daktari anamdunga sindano, wanaongea, muda si muda anapiga hatua. Mwingine ulimi ulikuwa umekwama. Unapoachia anapaza sauti kwamba anaweza kusema! Jeshi liliifungia mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa hoja ya faragha ya wagonjwa. Huston hakukubali, alisema wanalinda sifa za vita.

Mimi nasema sura zionekane. Tumepigana vita ya Kagera, tumepeleka vijana Kongo, na Desemba 2017 wasiopungua 14 wakauawa Kivu Kaskazini. Waliorudi hai nani anawauliza wanalalaje? Ukimfunika mtu uso kwa ukungu kwenye video, watu wanadhani ni mwizi.

Binti wa Kizota: Mkuu, unaishi Dodoma hii hii kweli? Hapa ukigombana na muuza nyanya soko la Majengo unaambiwa "huyu katoroka Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Leo umwonyeshe baba wa watu analia, kesho mwanawe anaendaje shule? Halafu ridhaa gani ya mtu aliye wodini, amezungukwa na wakubwa wake? Askari akiambiwa na afisa "saini hapa", anasaini.

Mstaafu: Wanangu, mnabishania sura, mimi kilichoniudhi ni mwisho. Wiki chache tu, wanacheza besiboli, wanapanda basi kwenda kwao, basi wamepona! Hakuna kamera iliyowafuata nyumbani. Pikipiki ikilipua moshi usiku, anayejua mumewe kajificha wapi ni mkewe. Huyo hahojiwi.

Mtoa mada: Shikamoo mzee. Mke naye ahojiwe, sawa kabisa. Dada, kuhusu ridhaa: aombwe upya akishavua gwanda, na aitazame filamu yote kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini kumficha moja kwa moja, hapana. Jirani hatajifunza kumheshimu mtu ambaye hajawahi kumwona.

Binti wa Kizota: Na akishaitazama akakataa, hela za mfadhili zimeshaliwa, mtaifuta?