Msaada wa haraka: binti bwenini anatishiwa picha zake, na simu aliyotumia ni ya kificho

MatroniWaKati (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni matroni wa wasichana katika sekondari moja ya bweni hapa mkoani Dodoma. Shule naomba msiniulize, mtoto atatambulika.

Binti ni wa kidato cha pili. Likizo ya Juni, kupitia simu ya shangazi yake, alianza kuchati na mtu aliyejitambulisha kuwa kijana wa kidato cha sita. Shule ilipofunguliwa wakaendelea kwa simu ambayo wasichana kadhaa wanaichangia bando. Mchana wanaificha ndani ya pakiti ya taulo za kike, kwa sababu wanajua mwalimu wa zamu akija kupekua matranka hagusi humo. Mtu yule aliomba picha, binti akatuma. Sasa anadai laki mbili, la sivyo anairusha kwenye ukurasa wa shule na kwa baba yake. Binti ameshamtumia elfu kumi na tano, pesa yake ya matumizi, kwa wakala aliye jirani na geti.

Kinachonitisha ni kwamba anamtajia jina la baba, mkondo anaosoma, hata nafasi anayocheza kwenye netiboli. Nikajiuliza kayajua wapi. Nikafungua ukurasa wa shule: picha ya timu ipo, majina yote matatu ya kila mtoto yameandikwa chini, na baba yake katoa pongezi kwenye maoni.

Nimeambiwa na rafiki yake, kwa kunong'ona, baada ya prepu. Binti mwenyewe ana siku kadhaa hali chakula vizuri. Hawakuja mapema kwa sababu ukikutwa na simu hapa unasimamishwa masomo, na simu inavunjwa kwa nyundo paredi mbele ya shule nzima.

Naombeni ushauri. Mkuu wa shule nimwambie vipi? Hii simu, ambayo sasa ninayo mimi, niifanyeje? Na muhula ujao maabara ya kompyuta inaunganishwa intaneti, nahofia tunafungua mlango mwingine.

Mzee wa Kibaigwa

Matroni, pole na kazi. Ila tusidanganyane, sheria ya shule mzazi ameisaini kwenye fomu ya kujiunga. Simu hairuhusiwi. Ukimwachia huyu, kesho bweni zima litakuwa na simu. Mkabidhi kwa mkuu, arudi nyumbani, wazazi wamalizane naye.

Mwalimu wa Malezi, Singida

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Huyo mtu anamtishia mtoto kwa maneno haya haya: "nikisema utafukuzwa." Tukimfukuza tumemtimizia ahadi yake, na wasichana wengine wote watajifunza kunyamaza. Nimefundisha shule za bweni muda mrefu. Mtoto anayetishiwa picha akiona milango yote imefungwa anaweza kujidhuru. Suala la simu lipo, litazungumzwa, lakini si wiki hii.

Matroni, cha kwanza kabisa: leo asilale peke yake na mawazo hayo. Mhamishie kitanda karibu na rafiki yake yule aliyekuambia. Mwambie kwa mdomo wako kwamba kosa kubwa ni la mtu mzima anayemtisha. Usimhoji mara nne nne. Asimulie mara moja, uandike, ili asirudie kwa kila mwalimu anayetaka kusikia.

Wakili wa Nkuhungu

Naongezea upande wa sheria.

Simu hiyo ni ushahidi. Isivunjwe, isifutwe, isirudishwe kama mpya. Iweke kwenye hali ya ndege sasa hivi, maana akianza kufuta meseji upande wake zinaweza kufutika na kwenu. Piga picha mazungumzo yanayoonyesha namba yake, tarehe na vitisho. Ile picha ya binti USIITUME kwa mtu yeyote, hata kwa mkuu wa shule, hata kwa nia ya kumwonyesha. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kusambaza picha za ngono za mtoto adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, ndivyo inavyosema Sheria ya Mtoto ya 2009.

Hela isitumwe tena hata mia. Wakipewa wanaongeza dau. Lakini ile meseji ya muamala wa elfu kumi na tano itunzeni kama dhahabu, kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama za vidole na polisi wana pa kuanzia. Huenda imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine asiyejua lolote, ndivyo wengi wao wanavyofanya, ila uzi unaanzia hapo.

Mahali pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, pamoja na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu. Usiende kaunta ya kawaida ukaanza kueleza mbele ya foleni. Na kuna 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Unaweza kuipiga wewe na anaweza kuipiga binti mwenyewe. Namba ya tapeli iripotini pia 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, lakini hiyo haichukui nafasi ya polisi.

MatroniWaKati

Asante sana Wakili, nimeiweka hali ya ndege. Swali: na kama ameshairusha? Binti ananiuliza hilo kila saa.

Wakili wa Nkuhungu

Kuna huduma inaitwa Take It Down, ya kituo cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa cha Marekani, kwa ajili ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Ni bure na huhitaji kutaja jina. Picha yenyewe haiondoki kwenye simu. Inatengenezwa alama ya kidijitali, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, inaitumia alama hiyo kuitambua picha na kuiondoa. Haiingii ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, hilo mwambie ukweli. Alama inatengenezwa kutoka kwenye picha iliyo ndani ya simu hiyo, kwa hiyo msiizime moja kwa moja. Fanyeni kazi hiyo mkiwa na afisa wa dawati.

Fundi Mitambo

Kuhusu maabara, matroni, usiogope intaneti yenyewe, ogopa intaneti isiyo na msimamizi. Kwenye ruta ya shule, kile kifaa kinachogawa intaneti, fundi wenu aweke DNS (huduma inayoitafutia kompyuta anwani ya tovuti) ya 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ni ya Cloudflare, bure, na inazuia tovuti za ngono na zenye virusi kabla hazijafunguka. Kisha azuie DNS nyingine zote kwenye ruta, la sivyo mtoto mjanja anabadilisha kwenye kompyuta ndani ya dakika. Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo. Shule nyingi nilizofunga mtandao wanaacha lile lililoandikwa chini ya ruta. Vioo vya kompyuta vielekee kwa mwalimu, visielekee ukutani.

Ila chujio la ruta haligusi simu yenye bando lake. Kwa simu iliyo ndani ya pakiti ya taulo, mimi fundi sina dawa.

Mama Wawili, Kondoa

Mimi binti yangu yuko bweni. Ningeomba jambo moja kutoka kwa shule: tupeni njia ya kuongea na watoto. Shule ya mwanangu simu ya ofisini inapokewa mchana tu, na foleni yake ni kama ya maji kisimani. Mtoto ana hamu ya kumsikia mama yake, anachangia simu ya kificho, na ndani ya simu hiyo mnakutana na hao watu. Wekeni vitochi viwili kwa matroni, Jumamosi na Jumapili, kila mtoto dakika zake. Kitochi hakipigi picha.

Na zile picha za netiboli zitoeni leo. Au mziache bila majina.

Wakili wa Nkuhungu

Mama Wawili kasema la maana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ipo. Shule kuweka jina kamili, sura na mkondo wa mtoto hadharani bila ridhaa ya mzazi inajitafutia matatizo.

Mzee wa Kibaigwa

Nimesoma yote. Hilo la kujidhuru sikuwa nimelifikiria. Matroni, baba yake asiambiwe kwa simu. Aitwe na mama yake, waje pamoja, na awepo mtu mzima wa kumtuliza.

MatroniWaKati

Wakubwa, nawapa mrejesho. Nimeanza na mwalimu wa malezi wa hapa shuleni, tukaingia pamoja kwa mkuu wa shule. Alikasirika kuhusu simu, lakini nilipomwonyesha vitisho vyenyewe na picha ya timu kwenye ukurasa wetu alinyamaza, akapiga simu ustawi mbele yetu. Dawati wamemhoji binti, afisa mwanamke, kwa upole kabisa, na simu wanayo wao. Majina yameondolewa kwenye ukurasa. Mama yake kafika jana, na baba pia anakuja kesho. Binti amekula ugali wote leo.

Shida iliyobaki: kikao cha nidhamu ni Ijumaa, na walimu wawili wanataka wasichana wote waliochangia ile simu wasimamishwe, pamoja na yule aliyeniambia.

Mwalimu wa Malezi, Singida

Huyo aliyekuambia mpiganie kwa nguvu zako zote. Ingia na pendekezo lililoandikwa, usiende na maneno matupu: mwanafunzi anayetoa taarifa ya kutishiwa, yeye au mwenzake, haadhibiwi kwa chombo alichotumia. Waliochangia wapewe adhabu ya ndani ya shule, wazazi wajulishwe, wasikose vipindi. Nyundo paredi isitishwe, simu ikikamatwa ifungwe kwenye bahasha na mzazi asaini kuichukua. Omba pia 116 ibandikwe mlango wa ndani wa bafu, mahali mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Mkuu wa shule yuko upande wako sasa, mpelekee nakala Alhamisi kabla ya kikao.

MatroniWaKati

Naandika usiku huu. Nikikwama nitarudi hapa.