Crown au gari ya umeme? Nisaidieni kabla sijatuma pesa Japani

MzeeWaVespa:

Asalaam alaykum wana jukwaa.

Nina miaka 46 na tangu nioe usafiri wangu ni Vespa. Masika haya mke wangu kanyeshewa kutoka Fuoni mpaka mjini Unguja. Tulipofika kashuka, kanga inachuruzika, kanipa funguo za nyumba nifungue mimi. Hakusema neno. Nimemfahamu.

Nimejikusanyia milioni 32, gari inunuliwe, ifike, itoke bandarini, ushuru humo humo. Moyo wangu uko kwa Toyota Crown, lile umbo lililoanza mwisho wa 2012. Tokea ujana nikiiona Crown nyeupe inapita Darajani na bi harusi ndani, maua juu ya boneti, najisemea iko siku. Na kusema kweli hesabu yangu nyengine ni hiyo hiyo: Ijumaa na Jumapili niikodishe kwa maharusi, ijilipie petroli.

Sasa mdogo wangu, yuko Muscat, kanikalia kooni ninunue Nissan Leaf, ile ya umeme. Ananiambia petroli imepitwa na wakati. Yeye mwenyewe anaendesha Land Cruiser, lakini hayo tuyaache. Akiona nasita anasema basi nikuletee Mercedes E-Class kutoka huku, zimejaa.

Kazi yangu iko Tunguu, natoka mjini, kwenda na kurudi kama kilomita 40. Kila mwisho wa wiki Makunduchi kwa mama. Nipeni ushauri, na tafadhali kejeli kidogo tu.

Kijana_Bububu:

Crown. Uzi ufungwe.

FundiSaketi:

Waalaykum salaam sheikh. Tuweke mapenzi pembeni kwanza tupige hesabu.

Kilomita 40 kwa siku tano ni 200. Makunduchi kwenda na kurudi weka 120. Kwa mwezi unakaribia 1,300. Crown ya V6 ya 2.5 kwa foleni za Mwanakwerekwe ikikupa kilomita 8 kwa lita ushukuru, basi lita 160 na ushei. Bei hasa ZURA, wadhibiti wa nishati Zanzibar, wanaitangaza kila mwezi, lakini kwa wepesi wa hesabu chukua lita shilingi 3,000. Hapo unapita laki nne na elfu themanini. Leaf inakwenda kama kilomita 6 kwa uniti moja ya umeme. Ongeza na zile zinazopotea wakati wa kuchaji, utatumia uniti 245 hivi kwa mwezi. Chukua risiti yako ya Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, gawa pesa kwa uniti, zidisha mwenyewe. Hata tuseme uniti ni shilingi 400, hufiki laki moja.

Na hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna gia boksi ya kukusumbua. Kwa safari zako za kazini unahitaji uniti 7 au 8 tu kila usiku. Kwenye soketi ya kawaida, ampea 10, ni saa tatu na nusu. Unalala, inashiba.

Mpemba_wa_Wete:

Fundi kasahau kwamba umeme wa Unguja unapita chini ya bahari. Ulipokatika Disemba 2009 mlikaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Sisi Pemba tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha tunakuoneeni huruma kwa mbali. Ikitokea tena hiyo gari utaisukuma?

FundiSaketi:

Mpemba, waya ule ulikuwa wa 1980, megawati 45. Mwaka 2013 ukalazwa mwengine wa megawati 100, Ras Kiromoni mpaka Fumba. Na nyinyi tokea 2010 mnavuta kutoka Tanga, kwa hivyo sote tumo majini. Halafu pampu ya petroli nayo inaendeshwa na umeme, ndugu yangu.

Mpemba_wa_Wete:

Hapo umenipata.

Bi_Shuu:

Mimi ninayo Leaf ya 2016, ile yenye betri ya uniti 30, mwaka wa tatu sasa. Nakaa Mbweni. Nikwambieni ya ndani, maana wengi hapa mnaizungumza gari hamjaipanda.

Ukiiwasha inapiga kimziki halafu kimya. Wiki ya mwanzo nilikuwa nashuka naiacha imewaka, nikidhani nimezima. Kwenye vichochoro ikienda polepole hakuna anayekusikia, si mtoto si mbuzi, kwa hiyo honi yangu inafanya kazi kuliko ya daladala. Skrini mpaka leo inasema Kijapani. Nakijua kitufe cha baridi, vyengine nimemwachia Mjapani mwenyewe. Redio yake inaishia kwenye 90, na stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo, basi nasikiliza simu. Hilo la skrini na redio lakini utalikuta na kwenye Crown.

Kosa nililofanya mwenyewe nilieleze, lisimkute mtu. Mwezi wa mwanzo nilichaji kwa waya wa kuunganisha, nimeutoa dirisha la jikoni. Usiku mmoja nasikia harufu ya samaki. Nikamwamsha binti wa dada yangu, nikamgombeza kwa papa aliyemwacha nje. Papa yuko ndani ya friji. Nikafuata harufu mpaka ukutani: soketi imelainika kama halua, imegeuka rangi ya kahawia. Fundi aliyekuja akaniambia plastiki ya umeme ikiungua hunuka samaki. Nikamlipa avute waya mnene kutoka kwenye boksi moja kwa moja, na breka yake peke yake. Tangu hapo salama.

Kwa hiyo mimi kabla ya kukushauri nina swali. Hiyo gari italala wapi?

MzeeWaVespa:

Dada, hapo ndipo. Nakaa majumba ya Michenzani, ghorofa ya nne. Fuoni najenga. Imeezekwa, madirisha bado, umeme haujavutwa.

Kijana_Bububu:

Ghorofa ya nne 😂😂 Utateremsha waya kwa kikapu kama wanaonunulia mkate dirishani.

Bi_Shuu:

Msimcheke. Afadhali kasema sasa kuliko angesema gari ishafika.

FundiSaketi:

Basi hesabu yangu yote ya juu isubiri. Gari ya umeme bila ya pahala pake pa kuchajia ni mzigo, utakuwa mtumwa wa soketi za watu. Utakwenda kwa shemeji, utakunywa chai masaa matatu, ukiaga yeye ameshaanza kuitazama mita yake.

Na mama Makunduchi nako ukaangalie kabla. Kebo nyingi za kuchajia zinakataa kufanya kazi kama nyumba haina waya wa ethi wa kweli, ule unaozama ardhini, na kule chini ni mawe matupu. Ile nondo ya shaba ya ethi haiingii. Mafundi wengi wanaipiga nyundo mara tatu, ikikataa wanaikata wanafukia kipande. Ukitaka ya haki, chimbeni shimo, mjaze mkaa na chumvi, mmwagie maji, halafu mpime.

Jengine: umeme ukidhoofu wakati wa magharibi, watu wote wanapika na kupiga pasi, usichaji saa hizo. Ngoja usiku wa manane.

DalaliWaMnada:

Nimechelewa lakini naona suala kubwa halijaguswa. Leaf ipi? Hapa mnasema Leaf kama vile ni moja.

Zipo za uniti 24, za 30, na kuanzia mwisho wa 2017 za 40. Kwa vipimo vya Marekani, ikiwa mpya, ile ya 24 ya mwanzo ilikuwa inakwenda kilomita 117, ya 30 inafika 172, ya 40 inafika 243. Hizo mpya. Wewe unanunua iliyotumika, na betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea upepo tu. Joto ndilo adui yake, na sisi joto tunalo la kugawia watu. Sasa chukua ya 24 iliyochoka halafu uende Makunduchi na kurudi, kilomita 120, kiyoyozi kimewashwa, mke yuko pembeni. Pale Tunguu ataanza tena kukunyamazia.

Ukitumiwa picha ya dashibodi tazama kulia. Kuna vijumba vipana vya chaji, na ubavuni mwao vijumba vyembamba 12. Hivyo vyembamba ndiyo uzima wa betri. Cha kwanza kikiondoka betri ishapoteza asilimia 15, kila kinachofuata ni sita na kitu. Vikiwa 9, umebakiwa na kama asilimia 72. Na wapo wajanja wanaovirudisha vikae 12 kwa kompyuta, ukiiendesha siku chache vinaanguka tena. Dawa ni programu ya LeafSpy na kile kidude cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Muuzaji akikataa kukipachika, mwambie asante.

La mdogo wako wa Muscat: mapenzi yake tunayathamini, lakini Oman wanapita kulia, usukani uko kushoto. Barabara ya Makunduchi nyuma ya lori la mchanga, utamtuma mkeo achungulie kama njia nyeupe? Benz ya Uingereza au Japani ni sawa, ya Oman hapana. Na hata hiyo ya usukani kulia, kama ina springi za upepo weka akiba. Siku ikilala chini asubuhi haiinuki kwa dua.

MzeeWaVespa:

Ahsante sana. Na Crown jee? Mbona hakuna anayeitetea zaidi ya huyu kijana wa Bububu?

MpambaMaharusi:

Nitakueleza mimi, kwa sababu biashara ya harusi ndiyo inayonipa ugali wangu.

Crown yenyewe sina la kuisema vibaya. Kama unaitaka, chukua ile haibridi ya 2.5 ya mistari minne, si V6. Kwa safari zako itakupa kilomita 13 kwa lita, pengine na zaidi. Betri yake iko nyuma ya siti na ina tundu la kuvutia hewa, uliza lipo wapi ulisafishe, watu wanaliziba kwa mizigo na nywele za mazulia. Waombe wauzaji wa Japani karatasi ya mnada, na waangalie kutu chini. Gari zilizotoka Hokkaido zimeshapita kwenye chumvi ya theluji, ukizileta kwenye chumvi yetu ya bahari zinamalizika haraka.

Lakini hiyo ndoto ya gari ijilipie, kaka yangu, ikae vizuri kichwani. Maharusi wa siku hizi wanataka Alphard, bi harusi na kungwi na gauni lake waenee. Crown inachukuliwa kama gari ya pili. Watabandika maua kwa gundi ya karatasi, ukiyabandua jua limeshapiga, rangi inakuja nayo. Vimetameta utavikuta kwenye siti mpaka mwaka unaofuata. Na bima yako ya gari binafsi haikulindi ukiikodisha, ukigongwa na abiria wa kulipa uko peke yako. Mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Mimi nina gari tatu na bado kuna miezi natazama dari.

Bi_Shuu:

Na hiyo Ijumaa na Jumapili gari iko harusini, mkeo atapanda nini?

MzeeWaVespa:

Dada Shuu, naona umezungumza naye. Nilimsomea uzi huu jana usiku baada ya Isha, neno kwa neno mpaka hilo la samaki, akacheka sana. Nilipofika kwa MpambaMaharusi kacheka tena, halafu akasema maneno yako hayo hayo kabla hujayaandika: Crown itabeba wake za watu, na mimi nitabaki nyuma ya Vespa na kanga yangu.

Nimekwenda Fuoni asubuhi. Nimepima kutoka nguzo ilipo mpaka pembe ya nyumba, ni hatua 38. Kuna mwembe unatia kivuli ubavuni, gari inaenea chini yake. Basi nimeamua nivute umeme kwanza, na FundiSaketi nitakutafuta faragha unipangie waya wa gari mapema, ukuta usije ukachimbwa mara mbili. Madirisha baadaye. Tukishahamia, ndiyo nimtafute Dalali kwa Leaf ya uniti 40, na hicho kidude chake nitakinunua mimi mwenyewe, simwachii mtu. Wallahi Crown imeniuma.

DalaliWaMnada:

Hapo sawa. Pesa usimtumie mtu sasa kwa kisingizio cha kuiwekea nafasi. Gari za mnada kila wiki zipo.

FundiSaketi:

Njoo faragha. Tutapitisha waya wa milimita 6, wa 4 ungetosha lakini mtoto akija kununua ya pili utanikumbuka. Na usiiache chini ya mwembe msimu wa maembe, hilo si la umeme lakini nakwambia tu.

Mpemba_wa_Wete:

Na mpaka nyumba iishe mke atakuwa anapanda nini?

MzeeWaVespa:

Nimemnunulia koti la mvua leo Darajani. La kwangu sikununua, pesa imebaki ya nguzo.

Kijana_Bububu:

Mzee, hiyo Vespa ukija kuiuza niambie mimi kwanza.

MzeeWaVespa:

Hiyo haiuzwi.