Naombeni ushauri: Jumamosi tamasha la misosi na mama mkwe na watoto, niende saa ngapi?

Baba_Wawili_Dom: Wakuu habari za jioni. Jumamosi kuna tamasha la misosi hapa mjini, nyama choma, kuku wa Singida, vyakula vya asili na muziki mpaka usiku. Nataka niende na wife, watoto watatu na mama mkwe, kaja kutusalimia kutoka Kongwa. Watu siku hizi ni wengi mno, tangu SGR ifike Dodoma 2024 mtu anatoka Dar asubuhi anakula mbuzi huku jioni karudi kwake. Swali ni moja tu, muda gani kunakuwa na unafuu? Matusi hapana.

Mgogo_wa_Nala: Tamasha la nini mkuu, Jumamosi si ndio mnada wa Msalato? Paja unachagua mwenyewe, linapimwa, linachomwa unaliona, na hakuna mtu wa kukupigia kelele kwenye spika. Mi wangu nilimpeleka, akala kimya kimya, akamaliza kufyonza mfupa ndo akasema "kumbe una akili". Mahari ilikuwa na deni la mbuzi wawili, hajaligusa tena mpaka leo.

Mama_Zabibu: Kwani mama mwenyewe kasema anataka kwenda? Mtu umtoe kwenye mlenda wake na ugali wa uwele ukampange foleni ya chipsi. Wanaume mnapenda sifa.

Muuza_Mishkaki: Mi nauza kwenye haya mambo. Njoo saa sita mchana, mkaa umeshakolea na foleni hakuna. Ukija saa kumi na moja utakula moshi na vumbi, upepo wa huku si mnaujua. Watoto waandike namba ya simu mkononi kwa kalamu, sio karatasi mfukoni, karatasi wanafutia mafuta. Na beba hela ndogo ndogo, ukinipa elfu kumi kwa mishkaki miwili chenji nitaizungukia mabanda manne, na muda huo mtoto ameshatembea.

Baba_Wawili_Dom: Asante mkuu. Hapo kwenye mtoto kutembea ndo roho inaniruka.

Boda_wa_Ilazo: Inakuruka kwa nini? Umeuliza foleni, sasa umehamia kwa mtoto. Kuna kitu umekikalia, sema.

Baba_Wawili_Dom: Haya nasema. Mwaka jana Nane Nane kule Nzuguni mtoto wa pili alinipotea, kama dakika arobaini hivi. Nilikuwa naye peke yangu, nikasimama kuangalia mashine ya kukamua alizeti, kugeuka hayupo. Nikaja kumkuta kwenye mabanda ya ng'ombe kakaa juu ya majani anamlisha ndama, viatu hana. Wife hajui mpaka leo. Viatu nilinunua vinavyofanana njiani, mtoto nikampa aiskrimu asiseme. Sasa ana miaka sita, akisikia neno tamasha tu, "baba usinipoteze tena". Jana kasema mbele ya bibi yake. Bibi hakusema kitu, aliniangalia tu huku anachambua mchele. Tiketi nimeshakata, msiniambie nisiende.

Mzee_wa_Makole: Kijana, hiyo ndoa unaigundisha kwa aiskrimu. Mwambie mkeo leo kabla mama yake hajamwambia. Sisi enzi zetu mji huu mdogo, mtoto akipotea jirani anamrudisha na bakora ameshapewa huko huko. Sasa tumekuwa jiji tangu 2018, nani anamjua mtoto wa nani?

Baba_Wawili_Dom: Shikamoo mzee, nakuheshimu, ila kumwambia leo na mama yake yumo ndani ni kujiitishia kikao mwenyewe. Nimeshapanga, bibi atakaa kivulini na watoto, mimi na wife tunapanga foleni, tukirudi nyumbani namwambia taratibu.

Mama_Zabibu: Kwa hiyo mama wa watu umemkatia tiketi awe mlinzi. Nilijua tu.

Kalamu_Nyekundu: Jamani mnanyweshwa chai hapa. Jina Baba Wawili, watoto watatu. Halafu mwezi wa tatu ID hii hii ilianzisha uzi inatafuta mchumba, awe mrefu, mcha Mungu, ajue kupika mlenda. Uzi upo, kauangalieni.

Boda_wa_Ilazo: 😂😂😂 nilikuwa nashangaa, mtu gani anaangalia alizeti mpaka anasahau mtoto.

Baba_Wawili_Dom: Hii ID nilifungua kabla wa mwisho hajazaliwa. Ule uzi aliandika mdogo wangu kwa simu yangu, na bado hajapata.

Kalamu_Nyekundu: Chai ya tangawizi hiyo.

Binti_wa_Kisasa: Samahani nje ya mada, huyo mdogo wako yuko Dodoma hapa hapa? Anajishughulisha na nini?

Mgogo_wa_Nala: Uzi umeshapata mwenyewe 😂

Muuza_Mishkaki: Mi Jumamosi nitajua ukweli. Niko banda la tatu kushoto ukiingia getini. Akipita mtu na bibi wa Kongwa na watoto watatu wana wino mikononi, mishkaki mitano bure. Asipopita, Kalamu njoo uile wewe.

Baba_Wawili_Dom: Saa sita tuko hapo. Bibi utamjua, anatembea na kigoda chake mwenyewe, tangu asubuhi ameshakifuta kakiweka mlangoni.