Mwandishi anataka "nimsomee makosa tu". Nimtoze vipi?

Nafula_Kayole:
Hamjambo wanajukwaa. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya upili, sasa nataka kuishi kwa uhariri wa riwaya. Mwandishi amenitumia mswada wa maneno 65,000, hadithi ya Nairobi ya miaka ya tisini. Anasema ni "makosa madogo madogo tu" na anataka bei leo. Nimesoma sura tano. Sarufi si mbaya, lakini hadithi yenyewe inaanza sura ya nne. Nimtoze kwa neno, kwa ukurasa au kwa saa? Na hilo la sura tatu za kwanza nimwambie, au ninyamaze kwa kuwa hakuniuliza?

Mpiga_Chapa:
Vyovyote utakavyotoza, nusu iingie kwenye M-Pesa kabla hujagusa sentensi. Makubaliano yawe kwa maandishi, hata kama ni barua pepe.

MamaPrufu_Ngara:
Dada, bei usiitoe leo. Chagua kurasa kumi za katikati ya mswada. Za mwanzo kila mwandishi amezipiga pasi. Za katikati ndizo zinazoonyesha kazi ilivyo. Zihariri ukiangalia saa. Ukijua unamaliza kurasa ngapi kwa saa, utajua mswada mzima utakula wiki ngapi, na wiki hizo zina kodi ya nyumba, stima na bando.

Kutoza kwa neno si vibaya, ila usichukue viwango vya wahariri wa Kiingereza unavyoviona mtandaoni. Kitenzi chetu kimoja hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo hadithi ileile ina maneno machache zaidi kwa Kiswahili. Kwa viwango vyao utajipunja.

Sura tatu hizo mwambie, na umwambie kabla ya kupatana. Kuhariri hadithi ni kazi moja, kunyoosha lugha ni nyingine, na kusoma prufu, yaani kusaka makosa yaliyobaki kurasa zikishapangwa, ni ya tatu. Ukinyoosha sarufi ya sura ambazo baadaye zitakatwa, umemlipisha bure. Mwandikie barua ya kurasa mbili tatu: wapi ulishikika, wapi ulichoka, mhusika gani ulitamani kumwona zaidi. Usimwandikie upya. Akisema sura zinabaki, zinabaki, nawe uzihariri kwa moyo uleule.

Halafu miaka ya tisini. Fungua daftari: majina, umri, kovu liko mkono upi, tukio ni siku gani ya wiki. Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998. Mhusika asiwe anatoka misa ya Jumapili saa hiyo. M-Pesa ilianza 2007, basi mama aliye kijijini atumiwe pesa kwa posta au kwa mkono wa mtu anayesafiri. Barabara ya Thika ilikuwa haijapanuliwa. Walioishi hapa miaka ile ndio watakaonunua kitabu hiki, na wataona.

Jambo ninalokusihi hasa ni mazungumzo. Umetoka darasani, na kalamu nyekundu itataka kumsahihisha makanga wa Eastleigh. Mwache aseme nauli ni mbao, yaani shilingi ishirini. Msimulizi akitumia Kiswahili sanifu, upatanisho wa kisarufi usilegee hata mara moja. Lakini mhusika akifungua mdomo, maneno ni yake. Tena Sheng, lugha ya mtaani, ya wakati ule si ya leo, kwa hiyo usiifanye ya kisasa. Nimesoma riwaya za mtaani ambamo kila mtu anazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na inaniuma, kwa sababu mwandishi aliwasikia watu wake vizuri na mhariri akawanyamazisha.

Kitengela_Vitabu:
Nyongeza ya kodi: ukianza kuhariria kampuni za vitabu, nyingi zitakukata asilimia 5 ya ada kabla ya kukulipa. Hakikisha cheti cha makato kimeingia kwenye akaunti yako ya iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, maana fedha hizo huhesabiwa unapowasilisha ritani ya mwaka.

Nafula_Kayole:
Asanteni sana. Mama, nimechukua kurasa za sura ya 11, na kweli ni kazi tofauti kabisa na sura ya kwanza. Ila programu ya kuandikia inanibadilishia maneno kuwa ya Kiingereza bila mimi kuona.

MamaPrufu_Ngara:
Zima usahihishaji wa kiotomatiki kabla ya kufungua faili, na uweke lugha ya waraka kuwa Kiswahili. Washa pia ufuatiliaji wa mabadiliko (Track Changes) tangu neno la kwanza. Ukimaliza, mpe nakala mbili: moja safi ya kusoma, na nyingine yenye alama zote, ili akatae asichokitaka.