Msaada wa haraka: kozi gani ya digrii ina ajira ya uhakika?

Njia Panda: Wakuu, habari. Ufaulu wa fizikia, kemia na hisabati ni mzuri. Kozi zinazofikiriwa ni uhandisi wa petroli, sayansi ya kompyuta na uuguzi. Nataka ile ambayo mtu akimaliza hakai nyumbani na bahasha ya vyeti. Dirisha la udahili linakaribia kufungwa na usingizi sipati. Matusi sitaki. Nawasilisha.

Kisiki: Soma siasa mkuu. Haina mtihani wa bodi.

Fundi Waya: Digrii, digrii! Mimi nafunga umeme majumbani, simu haipoi. Jamaa yangu mwenye digrii mbili ndiye ananishikia ngazi.

Mama Tulia: Uuguzi ni wito, mwanangu. Ukifuata mshahara, wagonjwa watakujua siku ya kwanza. Mwombe Mungu akuongoze.

Daftari Jeusi: Petroli nimeisoma. Tunaingia chuo, pipa liko juu ya dola 100, darasa limefurika. Katikati ya 2014 bei ikaanza kuporomoka, Januari 2016 ikawa chini ya dola 30. Kampuni za mafuta zikibanwa, uchimbaji wa visima vipya ndio unaokatwa mapema, na huko ndiko watoto waliotoka chuo walikokuwa wanategemea kuanzia. Aprili 2020 mafuta ya Marekani yalifika hadi chini ya sifuri kwenye soko la mikataba, yaani muuzaji anakulipa uyachukue! Kozi ya "soko" unaichagua kwa bei ya leo, halafu unamaliza miaka minne baadaye pamoja na wote waliowaza kama wewe. Bora uhandisi wa kemikali au mitambo: mafuta utaingia, yakikataa kuna viwanda. Sasa niambie, umeshathibitisha chuo au bado?

Njia Panda: Shukrani mkuu. Na kompyuta je, akili mnemba haitamaliza kazi?

Panya Buku: ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 ofisini tulicheka sana. Leo vile vikazi vidogo nilivyojifunzia programu, tunaipa yenyewe. Wazoefu bado wanatafutwa, ila anayeanza ajiandae kupigana.

Daftari Jeusi: Nimeuliza: umethibitisha?

Njia Panda: Imethibitishwa petroli. Juzi. Lakini kubadilisha ni mpaka Ijumaa. Halafu kuna ndugu yuko kwenye hiyo sekta, kaahidi kushika mkono. Bei kupanda na kushuka ni kawaida ya biashara. Hata wauguzi wapo waliokaa mtaani.

Nesi wa Zamu: Hilo la mwisho ni kweli. Ripoti ya WHO ya 2020 ilitaja upungufu wa wauguzi milioni 5.9 duniani, ila upungufu si ajira. Wodi inahitaji kumi, bajeti ina wawili. Anayetaka uuguzi aulize kama chuo kinatambuliwa na baraza la wauguzi, wahitimu wanafaulu vipi mtihani wa leseni, na nchi anayoiwaza itaipokea leseni hiyo. Mgongo nao asiusahau. Wangu ulikufa zamu ya usiku, tuko wawili wodi nzima, na msimamizi ananiambia nitabasamu. Nikianza hiyo hadithi hatulali.

Nungunungu: Jamani, hii ni chai. Huyu huyu mwaka jana alifungua uzi wa kugombana na shemeji yake, akasema ana binti anamaliza shule. Leo mwanafunzi ni yeye? Na hiyo "imethibitishwa", kathibitisha nani?

Kisiki: Leteni vikombe.

Njia Panda: Sio chai. Ni ya binti yangu. Ada natoa mimi, nywila ninayo mimi. Yeye anasema uuguzi kwa kuwa rafiki zake wanaenda huko. Hisabati ile aipeleke wodini?

Mama Tulia: Kumbe namwita mwanangu mtu mzima mwenzangu! Kaka, mtoto anajua umeshathibitisha?

Njia Panda: Anajua nimeomba. Tusitoke nje ya mada. Huo uhandisi wa kemikali, waliousoma waseme, ni mgumu kuliko petroli?

Fundi Waya: Mlete kwangu asomee umeme.

Nungunungu: Mimi bado nasema chai. Kama si chai, mpe simu binti aandike mwenyewe, tutamjibu yeye.