Kurusha harusi mubashara kutoka Tandahimba: 1080, 720, au ninunue enkoda ya H.265?

Picha_za_Kusini (Mtwara mjini)
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya harusi Tandahimba Jumamosi ya wiki ijayo. Ndugu wa bwana harusi wako Dar, Tanga na Muscat, wanataka kuona kila kitu mubashara. Nirushe kwa 1080, picha kali, ipendeze, au 720, iliyo ndogo zaidi, isikwame, au ninunue kabisa enkoda (boksi la kubana video na kuirusha) ya H.265, mtindo mpya wa kubana? Muuzaji wa Kariakoo anasema inapunguza matumizi ya intaneti kwa nusu na ubora unabaki uleule. Hela ninayo, ila ndiyo malipo ya awali ya kazi hii. Spidi nimepima, nimepata 38. Nishaurini.

Fundi_Masasi
38 ya nini mkuu? Kushusha au kupandisha? Umepimia nyumbani au Tandahimba kwenyewe? Unarusha kupitia wapi, na watazamaji wangapi? Mrushaji anategemea kupandisha, na kwenye laini za simu huwa ni kadogo kuliko hiyo namba ya kwanza unayoiona.

Mwana_Mikindani
Weka 1080 kaka. Nimerusha shughuli nyingi huku Mikindani kwa 1080 na sijalalamikiwa hata siku moja. 720 kwenye TV kubwa ni kama unatazama kupitia chandarua.

Dada_wa_Shangani
Na hao wanaotazama wanatumia bando la nani? Megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 2 na robo kwa saa. Harusi ya saa nne ni gigabaiti 9. Mama yangu mkubwa yuko Nachingwea, bando la hivyo hana. Machi 2020 Netflix walipunguza mzigo wao Ulaya kwa asilimia 25 kwa sababu watu wote walikuwa majumbani. Kama wao walishusha, mpiga picha wa Mtwara anaona aibu gani?

Fundi_Masasi
Dada, kama ni YouTube, wao wanapokea mkondo mmoja tu kisha wanatengeneza matoleo madogo wenyewe. Video inakatwa vipande vya sekunde chache, simu ya mama mkubwa inachukua kila kipande kwa ukubwa ambao mtandao wake unaumudu. Hata 360 anaweza kuichagua kwa mkono. Kwa hiyo mtazamaji ana pa kukimbilia. Asiye na pa kukimbilia ni anayepandisha.

Mzee_wa_Kamera (Lindi)
Nitawaeleza yaliyonikuta Ruangwa, maana mpaka leo yananiuma. Asubuhi nilipima kupandisha nikapata 7, nikaweka enkoda kwenye 6. Mpaka saa tisa mchana mambo yalikuwa safi. Saa kumi na mbili jioni bibi harusi anaingia, watu kama mia nne wamesimama, simu juu, kila mmoja anarekodi na kutuma palepale. Mnara ni huohuo mmoja. Kupandisha kukaporomoka chini ya 2, picha ikawa chenga, halafu ikaganda kwenye uso wa mshenga. Mimi niko nyuma ya kamera sina habari, kwa sababu sikumweka mtu wa kutazama kama mtazamaji.

Baba wa yule binti alikuwa amelazwa Dar. Walimwekea simu kitandani amwone mwanawe anavyoingia. Alimwona mshenga dakika kumi na moja. Salio langu sikulidai, na video kamili nilimpelekea mwenyewe kwa basi. Akanishukuru, lakini kile alichokuwa anakisubiri kilishapita.

Tangu siku ile napima saa ileile ya shughuli, na siweki zaidi ya nusu ya nilichopata. Sauti siigusi: kilobiti 128, haifiki hata megabaiti 60 kwa saa. Picha ikififia watu wanavumilia. Sauti ikikatika wanaondoka.

Picha_za_Kusini
Pole sana mzee wangu. Kupandisha ni 9, nimepimia nyumbani Chikongola. Tandahimba sijapima. Ni YouTube, watazamaji kama 60. Nilisahau: shughuli ni nje chini ya mikorosho, na kuna sindimba.

Mzee_wa_Kamera
Sindimba ndiyo ulitakiwa uanze nayo kijana wangu! Enkoda inatuma zaidi kile kilichobadilika kati ya fremu na fremu, yaani picha moja na inayofuata. Mtu anayehutubia ni mdomo na mikono tu. Sindimba ni viuno, vumbi, kanga zenye maua, na majani ya mikorosho yanatikisika nyuma yao, yaani fremu nzima inabadilika. Tuseme umebaki na megabiti 3, 1080 itakuwa vigae vigae. 720 ina nukta chini ya nusu ya 1080, kwa hiyo kila nukta inapata chakula cha kutosha. Na kamera ikae kwenye stendi. Mkono ukitetemeka, hata ukuta unahesabiwa kuwa umebadilika.

Mwana_Mikindani
Basi ndipo H.265 inapohitajika! Ipo tangu 2013, na hiyo nusu ni kweli.

Fundi_Masasi
Nusu ni kweli kwa makadirio, ila RTMP ya asili, ile njia ya kupeleka video YouTube, haina nafasi ya H.265. Kuna maboksi yanayoandikwa H.265, ukienda YouTube yanarudi H.264, ule mtindo wa zamani, kimyakimya. Muuzaji akuonyeshe H.265 ikifika YouTube mbele yako, ndipo utoe hela.

Mwana_Mikindani
Mimi na 1080 yangu bado niko palepale. Nunua laini mbili za mitandao tofauti uziunganishe.

Dada_wa_Shangani
Laini mbili hazisaidii kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini siku moja, kimbunga Hidaya hakijamaliza hata wiki mbili tangu kipite. Nilikuwa na laini tatu, zote zikawa mapambo.

Fundi_Masasi
Siku ile tuliteseka. Mpaka malipo ya dukani yalisimama.

Picha_za_Kusini
Alhamisi nakwenda Tandahimba kupima saa kumi na mbili jioni. Boksi bado sijaamua, muuzaji ananipigia simu kila siku.

Mpya_Newala
Samahani naingilia. Umeme ukikatika katikati ya sindimba, rauta yako inabaki na nini?