Tupeane uzoefu: Kuchagua vifaa vinavyoendana kwa kompyuta yako ya kwanza ya gemu

Mleta mada, Dar es Salaam

Habari zenu wadau. Vijana wengi siku hizi wanapenda kuunda wenyewe kompyuta ya kuchezea gemu badala ya kununua iliyokwisha kuunganishwa, na maswali ninayoulizwa mara nyingi hayahusu nguvu ya kifaa hiki au kile, bali iwapo kifaa hiki kitakubali kukaa na kile. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo hilo tu: ulichaguaje vifaa vinavyoendana ulipounda kompyuta yako ya kwanza? Ubishi wa kampuni ipi ni bora tuuweke kando, maana huo haujawahi kuisha.

Naanza mimi. Wengi wetu hatununui vifaa vyote kwa mkupuo. Tunadunduliza: mwezi huu pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta), mwezi ujao RAM (kumbukumbu ya muda), na kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) inasubiri zamu ya upatu. Ununuzi wa namna hiyo una hatari ambayo video nyingi za mafunzo hazigusi, kwa kuwa watengenezaji wake wana vifaa vyote mezani tangu mwanzo. Kifaa ulichonunua cha kwanza kitakuja kuwashwa kwa mara ya kwanza siku utakapopata cha mwisho, na kama kilikuwa kibovu au hakiendani na vingine, muda wa kukirudisha dukani umekwisha kupita.

Kwa sababu hiyo niliandika orodha nzima kwenye karatasi kabla ya kutoa shilingi yoyote, kisha nikadunduliza fedha badala ya kudunduliza vifaa, hadi nilipoweza kununua ubao mama (unaounganisha vifaa vyote), prosesa (ubongo wa kompyuta) na RAM siku moja katika duka moja. Nilichagua prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, kwa makusudi, kwa kuwa ina grafiki ndani yake, hivyo ubao uliwashwa pale pale kaunta kwa pawa saplai ya dukani na nikaona picha kwenye skrini kabla ya kulipa. Hasara yake naijua: ikilinganishwa na 5600 ya kawaida, ile yenye G ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya ngazi ya tatu ya MB 16 badala ya 32, na huwasiliana na kadi ya grafiki kwa PCIe (njia ya kuunganishia kadi na ubao) ya toleo la 3.0 badala ya 4.0. Kwangu mimi hiyo ilikuwa bei nafuu ya kulipia uhakika, na niliweza kucheza gemu nyepesi wakati kadi yenyewe ikisubiriwa.

Kuhusu soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye ubao, mgeni asidanganywe na idadi ya pini. LGA1151 ya Intel ilitumiwa na vizazi vya 6 na 7, kisha vizazi vya 8 na 9 vikaja na soketi yenye jina hilo hilo, lakini prosesa za makundi hayo mawili hazibadilishani mbao mama. LGA1700 hupokea vizazi vya 12, 13 na 14, ila kwa kawaida ubao mmoja hutaka RAM ya aina ya DDR4 na mwingine ya DDR5, kwa hiyo usichukue yoyote iliyo mkononi. Kwa AMD, soketi ya AM4 ilianza 2016 na ni ya DDR4. AM5 ilikuja 2022 na haipokei RAM nyingine isipokuwa DDR5. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo lililokatwa kwenye ukingo wa pini haliko mahali pamoja, kwa hiyo ukiona inagoma kuingia, usiisukume.

Mchangiaji, Mwanza

Asante mleta mada. Mimi nilianzia chini zaidi, kwa Dell OptiPlex 9020 iliyokwisha kutumika ofisini, yenye Core i5-4590 na RAM ya DDR3. Nadhani njia hii inastahili kutajwa, kwa kuwa kwa wenye kipato kama changu ndiyo inayowezekana, ingawa wanaojenga kila kitu upya huwa hawaihesabu kuwa ni kuunda kompyuta.

Swali la kuendana hapa lina sura nyingine kabisa, kwani sehemu kubwa ya vifaa umevikuta vimekwisha kukaa pamoja na wewe unaongeza kimoja au viwili. Pawa saplai ya kasha lile la mnara ni ya wati 290, na plagi yake kuu kwenye ubao ina pini 8 badala ya 24 za kawaida, hivyo huwezi kuibadilisha na yoyote unayoikuta sokoni bila kebo ya kuunganishia. Nilichofanya ni kutafuta kadi isiyohitaji waya wa umeme wa pembeni. Sloti ya PCIe hutoa hadi wati 75, na GTX 1650 iliyotoka 2019 imepangiwa wati 75, lakini matoleo yake hayafanani: baadhi yana plagi ya pini 6 juu yake na mengine hayana. Niliomba picha ya ukingo wa juu wa kadi kabla ya kutuma fedha, na nashauri kila mtu aombe picha hiyo.

Mwenye kasha lile jembamba la ofisini akumbuke pia kwamba atahitaji kadi fupi kwa kimo, na kwamba bamba la nyuma la kimo hicho liwe ndani ya boksi. Jambo la mwisho ni mfumo endeshi. Kizazi cha 4 cha Intel, kama i5-4590 yangu, hakimo katika orodha ya prosesa za Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayenunua mashine ya aina hii leo aangalie kwanza iwapo gemu anayoitaka inakubali Linux.

Mchangiaji, Nairobi

Kwangu mimi kitendawili kilikuwa BIOS, yaani programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta. Nilipata ubao mama wa aina ya B450 uliotumika kwa bei nzuri, na nilitaka kuweka Ryzen 5 5600. Soketi ni ile ile AM4 na prosesa inaingia bila shida, lakini ubao ambao BIOS yake ni ya zamani hauitambui. Mnamo 2020 AMD walitangaza kwamba mbao za B450 hazingepata prosesa za kizazi hicho, wateja wakalalamika, uamuzi ukabadilishwa, na matoleo ya BIOS yakaanza kutoka kwa awamu. Ndiyo maana mbao mbili za B450 zilizo kando kwa kando katika duka moja zinaweza kuwa na tabia tofauti.

Nilimwomba muuzaji aweke prosesa ya zamani, awashe, na anionyeshe namba ya toleo la BIOS kwenye skrini. Kisha nikaufungua ukurasa wa mtengenezaji wa ubao kwa simu, mahali palipoandikwa orodha ya prosesa zinazokubalika, ambapo kila prosesa imewekewa namba ya toleo linalohitajika. Toleo lilikuwa la nyuma, na fundi wao alilisasisha kwa flashi tukiwa pale pale. Baadhi ya mbao zina kitufe nyuma kinachosasisha BIOS bila prosesa wala RAM. Mimi naona kitufe hicho kina thamani kuliko taa zote za rangi.

Nataka pia kuongeza jambo kuhusu kadi. B450 ni ya PCIe 3.0. Kadi ya RX 6500 XT hutumia njia nne tu za PCIe, na ikiwekwa kwenye ubao wa namna hii hupungukiwa na kasi kwa kiasi kinachoonekana hasa gemu inapojaza kumbukumbu ya kadi. RX 6600 hutumia njia nane, hivyo niliamua kusubiri zaidi kidogo nikachukua hiyo. Zote mbili zinaendana na ubao kwa maana ya kuwaka, lakini kuwaka na kufanya kazi ipasavyo ni mambo mawili.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum. Vifaa vyangu karibu vyote vililetwa na jamaa kutoka Dubai, kwenye maduka ya kompyuta ya mtaa wa Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai, na faida moja ambayo watu hawaitaji ni kwamba umeme wao na plagi yao ya pini tatu ni kama yetu. Tatizo lililonisumbua akili ni vipimo. Ukiagiza kwa mtu aliye safarini huwezi kumwambia arudi kubadilisha, kwa hiyo nilimwandikia milimita na siyo majina: urefu wa kadi usizidi kiasi fulani, kimo cha kipoza joto cha prosesa kisizidi kiasi fulani. Kadi zenye feni tatu aghalabu hukaribia au kuzidi milimita 300, ilhali za feni mbili za daraja lile lile huwa fupi zaidi. Na vipoza joto vikubwa vya mnara vinafika juu sana. Noctua NH-D15 ina milimita 165, na makasha mengi madogo hayafiki huko.

Ubao wa ATX ni milimita 305 kwa 244, na wa microATX ni 244 kwa 244. Ubao mdogo huingia katika kasha kubwa, lakini kinyume chake hakiwezekani, wala hakuna fundi wa kukulazimishia.

Mchangiaji, Minnesota

Nimefurahi ndugu wa Unguja kugusia umeme, kwa sababu huku Marekani hali ni kinyume. Mpwa wangu aliyeko Tanga aliniomba nimpelekee pawa saplai. Kabla ya kununua nililazimika kusoma kibandiko chake, kwa kuwa umeme wa huku ni volti 120 na wa nyumbani ni 230. Pawa saplai nzuri za sasa zimeandikwa volti 100 hadi 240 na hujirekebisha zenyewe, hivyo kinachobadilika ni waya wa ukutani tu. Zile za bei ya chini, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyuma yenye 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wa Tanzania, hulipuka papo hapo, na huweza kuondoka na vifaa vingine. Nilimnunulia isiyo na swichi ili pasiwe na jambo la kukumbuka.

Kuhusu ukubwa wake, tulipiga hesabu kwa simu. Prosesa ya AMD ya AM4 iliyoandikwa wati 65 inaruhusiwa kufika 88, RX 6600 ni 132, na ubao, RAM, diski na feni tukaviwekea 60. Hiyo ni 280. Muuzaji mmoja alimshauri anunue ya wati 850, lakini ya wati 550 ya ubora wa kueleweka ilimtosha na kubaki na nafasi. Fedha zilizookolewa ziliingia kwenye UPS (betri ya dharura umeme ukikatika), ambayo kwa katizo za umeme za kwetu si anasa.

Mchangiaji, Morogoro

Langu ni fupi. Kioo changu (skrini) kilikuwa cha zamani chenye tundu la VGA pekee, na kadi za sasa hazina VGA. Kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA kinafanya kazi, lakini kiwe kile chenye chipu ndani, siyo waya mtupu wenye plagi tofauti kila upande. Watu huorodhesha kila kitu na kusahau kioo.

Mchangiaji, Kampala

Nawaonya wanaopewa RAM ya seva (kompyuta za kuhudumia mitandao) kwa bei ya kutupa. Kuna DDR4 za seva zinazoitwa RDIMM, na za kawaida zinaitwa UDIMM. Umbo ni moja, pengo ni moja, na inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, lakini ubao wa kawaida wa nyumbani hauwaki nayo. Zitazame kwenye kibandiko: herufi R mwishoni mwa alama ya kasi, kwa mfano PC4-2400T-R, ndiyo ishara. Muuzaji aliyetaka kuniuzia alikuwa anaamini kwa dhati kwamba RAM ni RAM.

Mchangiaji, Arusha

Kwa heshima zote mkuu mleta mada, sikubaliani na wazo la kudunduliza fedha hadi ubao, prosesa na RAM vinunuliwe pamoja. Bei haisubiri. Bei za RAM zilipanda sana kuelekea mwisho wa 2025, na aliyekuwa amekwisha kununua yake mapema alikaa kwa amani. Mimi nilinunua kifaa kimoja kimoja, lakini kila kimoja nilikipeleka siku hiyo hiyo kwa rafiki mwenye kompyuta ya AM4 na kukijaribu kwenye mashine yake. Orodha niliipitisha kwanza kwenye tovuti ya PCPartPicker, ambayo hutoa onyo soketi, vipimo au umeme visipopatana. Bei zake si za kwetu, lakini maonyo yake ni yale yale popote ulipo.

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu wa Arusha, hoja yako naipokea, na nakiri kwamba mwenye rafiki wa namna hiyo hana haja ya kunifuata mimi. Ila mgeni wa kweli mara nyingi ndiye wa kwanza mtaani kwake kuunda mashine ya aina hiyo, na hapo kaunta ya duka inabaki kuwa mahali pekee pa kujaribia. Swali langu kwenu: pawa saplai iliyokwisha kutumika mnainunua?

Mchangiaji, Mombasa

Nainunua kwa sharti moja, kwamba ije na kebo zake zilezile. Zile ambazo kebo huchomolewa hazina kanuni moja ya mpangilio wa pini kwa upande wa pawa saplai yenyewe. Upande wa kadi na wa ubao ndio wenye kanuni. Kebo ya kampuni nyingine, na wakati mwingine hata ya modeli nyingine ya kampuni hiyo hiyo, huingia bila kugoma, kisha ikapeleka volti 12 mahali pa volti 5, na kinachotangulia kufa kwa kawaida ni diski. Muuzaji akikuambia kebo zimepotea lakini atakupatia nyingine za kufanana, mrudishie pawa saplai yake. Akiwa nazo, hesabu kama zipo za kadi yako: plagi ya pini 6 ni ya wati 75 na ya pini 8 ni ya wati 150, na kadi inayotaka pini 8 mbili isilishwe kwa kigeuzi kinachotoka kwenye kebo za diski.